Ufunguo wa hazina si wa kuachiwa fundi

Wafanyabiashara wengi siku hizi hawanunui kompyuta kubwa za kuhifadhia hesabu. Wanakodi nafasi katika kompyuta za makampuni makubwa kwa njia ya intaneti, utaratibu unaoitwa huduma za wingu. Amazon, iliyoanza biashara hiyo mwaka 2006, ilifungua kituo mjini Cape Town mwaka 2020.

Hatari huanza siku ya kwanza. Fundi huweka katika kompyuta ya ofisi programu ya kutoa amri kwa maandishi. Kwa Amazon, amri ya "aws configure" huuliza mambo manne: namba ya ufunguo, siri yake, kituo kitakachotumika na mtindo wa majibu. Kazi ni ya dakika chache, lakini siri hiyo hubaki imeandikwa wazi katika faili dogo. Atakayelisoma anaweza kufanya lolote ambalo ufunguo unaruhusu, na ankara itakwenda kwa mwenye akaunti.

Hasara zimekwisha kuonekana. Mwaka 2014 kampuni ya Code Spaces, iliyokuwa ikihifadhi kazi za watunga programu, ilifunga milango baada ya mhalifu kuingia katika akaunti yake ya Amazon na kufuta sehemu kubwa ya kumbukumbu pamoja na nakala za akiba. Mwaka 2016 wezi walipata ufunguo wa Uber katika maandishi ya mafundi wake yaliyohifadhiwa GitHub, wakachukua habari za watu milioni 57. Mwaka 2018 Uber ilikubali kuyalipa majimbo ya Marekani dola milioni 148.

Kwa hiyo mwenye mali hana budi kusimamia jambo hili mwenyewe. Ufunguo mkuu usitumike kwa kazi za kila siku. Kila mtumishi apewe wake, unaofungua chumba chake tu, na inapowezekana uwe wa muda, unaokwisha baada ya saa chache. Akiacha kazi, ufutwe siku hiyo hiyo. Onyo la matumizi nalo liwekwe mapema, ingawa lenyewe halizuii ankara kupanda.

Wapo watakaosema tahadhari hizi zinachelewesha kazi. Kufunga kasiki nako kunachelewesha, lakini hakuna anayeliacha wazi.

Mnunuzi wa hisa naye aulize nani anashika funguo hizo, kama anavyouliza nani anatia saini hundi. Kampuni isiyo na jibu isubiri fedha zake.