Shina Moja, Majani Mbalimbali

Tumezoea kumsikia mzazi akisema juu ya mmoja wa watoto wake: "Huyu sijui mbegu yake imetoka wapi, mbona ndugu zake hawako hivi?" Juma hili tunawaomba wazazi waitazame miti ya Nyanda za Juu Kusini kabla hawajailaumu mbegu.

Wilayani Mufindi, mkoani Iringa, mikaratusi imepandwa kwa wingi. Imo aina ambayo, ingali michanga, hutoa majani mapana ya kijivu-buluu, yaliyokabiliana mawili mawili. Ikikomaa, majani huwa marefu, yaliyopinda mfano wa mundu. Na mti ukikatwa, kisiki huchipua tena yale majani ya utotoni. Mgeni hudhani ni miti miwili, kumbe ni mmoja.

Tukiendelea hadi Rungwe, mkoani Mbeya, twaikuta mibuni chini ya migomba. Jani lake la kivulini ni pana na jembamba. La juani ni dogo na nene. La ajabu zaidi ni katika kuotesha miche ya vikonyo. Kipande kilichotwaliwa kwenye chipukizi la wima huwa mti uliosimama. Kilichotwaliwa kwenye tawi la ubavuni, hata kikiota mizizi, hutanuka kando wala hakisimami. Vinasaba ni vilevile, lakini kila kipande kimebeba kumbukumbu ya mahali kilipokuwa.

Wataalamu hueleza kwamba juu ya vinasaba huwekwa alama za kikemia, zinazoruhusu au kuzuia sehemu fulani kufanya kazi, pasipo kuyabadili maandishi yenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Hispania walitangaza uchunguzi wa mti uitwao kitaalamu Ilex aquifolium, ambao shina moja huweza kuwa na majani yenye miiba na yasiyo na miiba. Waliona kuwa miiba huzidi pale wanyama walipokula, na kwamba alama hizo ni pungufu katika majani yenye miiba.

Basi jani lile halikuota miiba kwa ubaya wa mbegu. Liliota kwa kuwa mti wake ulitafunwa. Mtoto si jani. Yeye ana akili na hiari. Hata hivyo, kabla ya kumlaumu aliye mkali kuliko ndugu zake, tujiulize: ni nani amekuwa akimtafuna, nasi tulikuwa wapi?