Je, Kufundisha Kiingereza Huko Asia ni Kazi au ni Matembezi?



Muhula uliopita alitutembelea dada yetu mmoja aliyesoma katika shule hii, akaenda chuo kikuu, kisha akafundisha Kiingereza huko Thailand kwa miaka miwili. Jumamosi jioni alitueleza ukumbini habari za kazi yake, akatuonyesha picha nyingi. Katika picha mbili au tatu alikuwa amesimama ubaoni mbele ya watoto. Katika nyingine zote alikuwa chini ya bahari, mtungi wa hewa mgongoni na miwani usoni, samaki wa kila rangi wakimzunguka. Tangu siku ile hapana habari nyingine mabwenini. Kila mtu asema, "Nikimaliza masomo, nami nitakwenda Asia kufundisha Kiingereza na kupiga mbizi."

Mimi siwalaumu wenzangu, kwa maana nami nilitamani. Lakini naona kwamba wengi wetu tulizitazama picha za bahari, wala hatukuyasikia aliyoyasema juu ya darasa. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu.

Kwanza yafaa tufahamu jinsi kazi hii ilivyo. Huko Thailand mwaka wa shule huanza mwezi wa Mei na kwisha mwezi wa Machi, na katikati kuna likizo fupi ya Oktoba. Basi mwalimu ana majuma mengi ya kutembea kila mwaka. Dada yetu alitumia likizo yake ya kwanza katika kisiwa kidogo cha Koh Tao, katika Ghuba ya Thailand, mahali ambapo watu wengi sana hujifunza kupiga mbizi. Baadaye alifika Ufilipino na Indonesia. Nchi hizo mbili, pamoja na Malaysia, Timor-Leste, Papua New Guinea na Visiwa vya Solomon, zimezunguka sehemu ya bahari iitwayo Pembetatu ya Matumbawe. Humo kuna aina zaidi ya 500 za matumbawe, yaani karibu robo tatu ya aina zote zinazojulikana duniani. Hapana shaka kwamba kuona mambo hayo kwa macho ni elimu. Asiyetembea hujidhania kuwa kijiji chake ndicho dunia.

Lakini angalieni jinsi bahari inavyompokea mgeni. Mtu hashuki majini kwa kuwa anapenda tu. Hufundishwa kwanza kwamba akifika mita 10 chini, nguvu ya kukandamiza mwili wake ni mara mbili ya ile ya juu. Hufundishwa asizuie pumzi hata mara moja, kwa sababu hewa hutanuka mtu anapopanda, na mapafu yaweza kupasuka. Hufundishwa kupanda polepole, na kungoja dakika 3 katika mita 5 kabla ya kutoka. Cheti cha kwanza humruhusu kufika mita 18 tu, tena pamoja na mwenzake. Na akitaka kuwa mwalimu wa kupiga mbizi katika chama kikubwa cha PADI, kilichoanzishwa mwaka 1966, sharti awe amekwisha kushuka majini si chini ya mara 100, na kila safari iwe imeandikwa katika daftari lake.

Sasa tulinganishe. Dada yetu alikiri mbele yetu, bila kuficha, kwamba alipopewa darasa la watoto 40 alikuwa hajapata kufundisha mtoto hata mmoja. Alikuwa na digrii ya mambo ya biashara, na cheti cha masomo ya saa 120 aliyoyasoma kwa intaneti. Basi, mtu wa kuwapeleka watalii majini ahitaji safari 100, na mtu wa kuwapeleka watoto katika lugha ngeni hahitaji hata moja! Je, bahari ina thamani kuliko mtoto? Najua mtanijibu kwamba darasani hafi mtu. Ni kweli. Lakini mtoto aliyepoteza mwaka mmoja harudishiwi mwaka ule.

Hapa ndipo alipotuambia jambo ambalo sijalisahau. Siku yake ya kwanza darasani msichana mdogo alisimama kwa heshima, akamwuliza kwa Kiingereza cha kubahatisha, "Mwalimu, utaondoka lini?" Hakuwa na utovu wa adabu. Dada yetu alikuwa mwalimu wao wa tatu katika mwaka mmoja. Wale wawili waliotangulia walifundisha nyimbo na michezo kwa muhula mmoja mmoja, wakapata nauli ya kuendelea na safari, wakaenda zao. Naye alikusudia kufanya vivyo hivyo. Alisema kwamba swali lile ndilo lililomfanya akae mwaka wa pili.

Sisi tunalijua swali hilo. Tulipokuwa S.2 alitujia mwalimu kutoka ng'ambo, mtu mwema sana, akaanza kutufundisha mchezo wa kuigiza. Tulipofika katikati yake muda wake ulikwisha, akapiga picha pamoja nasi, akaondoka. Mchezo haukuchezwa mpaka leo. Basi itakuwaje sisi tuende kuwatendea watoto wa wenzetu lile lililotuumiza?

Wako watakaosema kwamba kijana hawezi kujifunga maisha yake yote katika nchi ya watu. Hakuna anayedai hivyo. Vijana wa Marekani wa Peace Corps, chama kilichoanzishwa mwaka 1961, walifika Thailand mwaka 1962, wengine wakiwa walimu wa Kiingereza. Desturi yao ilikuwa kujifunza kwanza lugha ya wenyeji, kisha kufanya kazi miaka miwili. Miaka miwili si maisha yote, lakini yatosha kulianza jambo na kulimaliza.

Pili, nataka kusema juu ya pasipoti. Katika Korea ya Kusini, mpango wa serikali wa kuleta walimu wa Kiingereza, ulioanza mwaka 1995, huchukua hasa raia wa nchi saba: Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika ya Kusini. Uganda haimo, ingawa Kiingereza ni lugha ya serikali yetu tangu 1962, na sisi twajibu mitihani ya hesabu, jiografia na kemia kwa lugha hiyo. Hata mahali ambapo hapana sheria ya namna hiyo, dada yetu aliona matangazo ya kazi yaliyotaka "mwenye lugha yake", na mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa kijana wa Ulaya waliyefundisha naye, ambaye naye hakuzaliwa katika Kiingereza.

Wanaotetea jambo hili husema kwamba mtoto ajifunze matamshi kwa mwenye lugha. Mimi nasema, tuangalie mtoto huyo atazungumza na nani. Ibara ya 34 ya Mkataba wa ASEAN, uliotiwa sahihi mwaka 2007, yasema kwamba lugha ya kazi ya umoja huo wa nchi za Kusini-Mashariki ya Asia ni Kiingereza. Maana yake, Mthai atakitumia kwa kuzungumza na Mvietnamu na Mwindonesia, wala hapana hata mmoja kati yao aliyezaliwa London. Tena yule aliyejifunza lugha kwa taabu ndiye ajuaye mahali penye mashimo. Wathai wengi katika mazungumzo huchanganya r na l. Mwenzao wa Ulaya alicheka. Dada yetu, Mganda, hakucheka, kwa sababu alipokuwa mtoto naye alipigwa mstari mwekundu kwa kosa hilohilo, na alikumbuka jinsi alivyosaidiwa.

Lakini tusijisifu mno. Mlango ukifungwa kwa pasipoti ni dhuluma, bali ukifungwa kwa kutojua kazi ni haki. Tukidai tuhesabiwe kuwa walimu, basi tuwe walimu kweli.

Tatu, nawaonya wenzangu juu ya mawakala. Mwaka 2022 Serikali ya Kenya iliwatahadharisha raia wake juu ya kazi za uongo huko Thailand. Vijana waliahidiwa kazi nzuri na mshahara mkubwa, wakavushwa mpaka wakaingizwa Myanmar, na huko walifungiwa na kulazimishwa kuwatapeli watu kwa simu na kompyuta. Waganda pia walikuwa miongoni mwa waliopatikana na balaa hilo. Mtu akikuambia kwamba huhitaji digrii, wala viza ya kazi, wala kibali, na kwamba yeye atalipa nauli yote, mkimbie. Mwalimu wa haki huko Thailand ana viza ya kazi, ana kibali cha kazi, na shule yake yajulikana jina na mahali. Afadhali kukaa nyumbani bila picha kuliko kwenda mahali usipoweza kurudi.

Mwisho, kuna jambo la wageni wenyewe. Ghuba ya Maya huko Thailand ilifungwa mwezi wa Juni 2018 kwa sababu maelfu ya wageni kila siku, pamoja na mashua zao, walikuwa wameyaharibu matumbawe. Ilifunguliwa Januari 2022, na katika muda ule wa mapumziko papa walirudi. Mimi naona darasa ni kama ghuba ile. Wageni wengi wanaopita mbio, kila mmoja akichukua picha yake, hulichosha. Mgeni mmoja anayekaa na kuangalia mahali anapokanyaga haliharibu.

Basi jibu langu ni hili. Kwenda Asia kufundisha ni kazi, na ni kazi nzuri. Kupiga mbizi ni matembezi, na ni matembezi mazuri. Ubaya ni kuifanya kazi kuwa nauli ya matembezi.

Nami sitaki kumaliza kwa maneno matupu. Nusu maili kutoka lango letu pana shule ya msingi yenye watoto wa darasa la sita ambao wengi wao hawawezi kusoma ukurasa mmoja wa Kiingereza bila kukwama. Namwomba mwalimu wetu wa zamu aturuhusu sisi wa S.5 kwenda huko kila Jumamosi asubuhi, saa moja tu, tuwasaidie kusoma. Kila mmoja awe na daftari, aandike siku, somo, na kosa alilolifanya yeye mwenyewe. Atakayefika mara 100 na asiwe amechoka, huyo na atafute nauli ya Bangkok, nami nitamsindikiza mpaka Entebbe.

Lakini mtoto wa kule akimwuliza ataondoka lini, awe na jibu la kumpa.

Mwanafunzi wa S.5