Siku ya bandari, tuache kukimbia

Nilipotea kidogo, nilikuwa likizo. Safari hii sikwenda nyumbani, nilipanda meli ya kitalii kutoka Southampton kwenda Norway. Najua wapo watakaosema nesi kaanza kuringa. Ngojeni niseme yangu.

Meli ilipofunga gati Bergen, abiria wenzangu walitoka mbio utadhani wanagombania daladala jioni. Huyu anawahi ziara ya basi, yule boti, wengine Fløibanen, treni inayovutwa mlimani kwa kamba ya chuma tangu 1918. Mimi shifti zangu ni za masaa 12, kukimbia nimeshakimbia vya kutosha. Nikatembea taratibu hadi Bryggen, zile nyumba za mbao kando ya bandari, nikakaa kwenye benchi.

Nyumba hizo ziliteketea katika moto wa 1702, zikajengwa upya kwa mtindo uleule, na tangu 1979 zimo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wafanyabiashara wa Kijerumani walitajirika hapo kwa samaki mkavu kutoka kaskazini, anayekaushwa kwa upepo bila chumvi. Nikacheka peke yangu: kumbe ng'onda inaweza kujenga mji!

Mara simu ikaita. Kaka yangu, anaulizia ada ya mtoto. Nilikuwa nimeshaituma, nikamwambia akaangalie. Akauliza, "Uko wapi?" Nikajibu, "Kazini."

Wadau, niliona aibu. Mtu mzima nadanganya kwa sababu nimekaa kwenye benchi!

Hoja yangu ni hii. Sisi tulioko ughaibuni tumejizoesha kuona kupumzika ni kuwaibia wa nyumbani. Ndiyo maana hata likizo tunaigeuza shifti: vivutio kumi, picha mia, ili hela isionekane imepotea bure. Wodini nimewahudumia watu waliokuwa wakisema watapumzika wakistaafu. Wengine hiyo siku hawakuiona. Kutuma tutume, ni wajibu wetu, lakini mtumaji naye ana mwili.

Jioni, kabla meli haijaondoka, nilimpigia kaka nikamwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Sasa huko umekula nini?"

"Supu ya samaki."

"Basi pumzika, dada. Ada nimeiona."

Naomba kuwasilisha. Nyie wenzangu mnasemaje?