Kima Punju Ana Mipaka, Kijana Hana Kiwanja

Maneno ya wiki hii tumeyapata Jozani. Tulikwenda huko kwa kazi ya chama, kukagua tawi na kuandikisha wanachama wapya, na mkutano ulipokwisha vijana walitukalisha chini ya mwembe wakatuuliza suali moja. Mmoja wao alisema: "Ndugu, nyinyi mnatwambia kila siku kwamba vijana ndio nguvu ya taifa. Basi mbona Kombe la Afrika la mpira wa ufukweni linazunguka nchi za watu, na huku kwetu halifiki, na sisi ndio watu wa mchanga?"

Tulijaribu kumjibu kwa maneno ya mkutanoni, lakini hakuridhika, na kwa hakika sisi wenyewe hatukuridhika. Siku ya pili tulifuatana nao mpaka pwani ya mashariki kuwatazama wakicheza. Hawajatia hata goli la kwanza, akaja mlinzi wa hoteli moja akawaambia wahame, wageni wanataka kupumzika. Vijana wakaokota mpira wao wakaondoka kimya, kama watu waliozoea. Kimya kile ndicho kilichotutia uchungu, na ndicho kilichotufanya tuandike leo.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe, kwa faida ya wazee wetu wanaodhani ni mchezo wa watoto wa kupoteza wakati. Mpira wa ufukweni una sheria zake za dunia nzima. Kila upande una watu watano pamoja na mlinda mlango, nao hucheza peku. Kuna vipindi vitatu vya dakika 12 kila kimoja. Sare haipo: wakilingana huongezewa dakika 3, na wakilingana tena hupigiana penalti. Kiwanja kina urefu wa mita 35 hadi 37 na upana wa mita 26 hadi 28. Na mchanga, ndugu zetu, lazima uwe mkavu na laini, wenye kina cha sentimita 40 kwa uchache.

Hilo la mchanga tunaomba lizingatiwe sana, maana ndipo penye shina la maneno yetu. Vijana wetu wa Unguja huchezea pwani maji yakitoka. Mchanga ule ni mbichi, umeshikana, mpira hudunda na kuviringika kama uko uwanjani. Lakini katika mchanga mkavu mpira hauviringiki. Ukiuburura chini unakufa hapo hapo. Kwa hiyo wachezaji wenye ujuzi huuinua, huupokea kwa kifua, hupigiana hewani, na tikitaka kwao ni pigo la kila siku. Ni michezo miwili mbalimbali. Kijana aliyelelewa katika mchanga mbichi, siku akikutana na Msenegali katika mchanga mkavu, atakuwa kama mvuvi wa ngalawa aliyepewa meli.

Na mchanga mkavu uko wapi? Uko juu, pale ambapo maji ya bamvua hayafiki. Ndiyo sehemu ile ile inayotakiwa na kila mwenye hoteli kwa kuweka vitanda vyake na miavuli yake. Vijana wetu wameachiwa mchanga ambao bahari huuchukua mara mbili kwa siku. Mwenye ratiba ya mazoezi yao si mwalimu, ni mwezi.

Sasa tuwatazame wenzetu. Mashindano ya kupata wawakilishi wa Afrika yalianza 2006 Durban, Afrika ya Kusini. Timu mbili za juu ndizo zilizokuwa zikienda Kombe la Dunia. Madagaska, jirani yetu wa bahari hii hii, ilitwaa ubingwa 2015. Lakini wafalme ni Senegali. Hadi mwaka 2024 walikuwa wamelichukua kombe mara nane, na tangu 2016 hadi 2024 hakuna aliyewavua taji hilo. Katika Kombe la Dunia la 2021 lililofanyika Moscow waliwafunga Wabrazil mabao 5 kwa 4 katika robo fainali, Wabrazil ambao mchezo huu ulikulia katika fukwe zao. Waafrika wa Dakar na vijiji vya pwani hawakungoja kuruhusiwa na mtu. Walikuwa na mchanga, na mchanga ule walikuwa na haki ya kuukanyaga.

Tanzania nayo imeshiriki. Ilikwenda Sharm El Sheikh 2018, na ilikuwamo Hurghada 2024. Twaisifu. Lakini tuwatazame na Uganda. Uganda haina bahari, ina ziwa tu, nayo ilicheza mashindano ya Saly, Senegali, 2021, na yale ya Vilankulo, Msumbiji, 2022. Malawi nayo haina bahari, na ilikuwamo Vilankulo 2022 na Hurghada 2024. Hivi sisi tuliozungukwa na bahari pande zote, tusio na safari ya saa mbili bila ya kuona maji, tutakaa tukisema tumekosa nini?

Tena tunataka msomaji azingatie majina ya miji iliyopokea mashindano haya. Saly ni mji wa watalii. Vilankulo ni mji wa watalii. Sharm El Sheikh na Hurghada ni miji ya watalii mitupu. Kwa hiyo yule anayetwambia kwamba hoteli na mpira haviwezi kukaa pamoja hajui anachosema, au anajua na anatuficha. Huko wageni walitoka vyumbani mwao wakaenda kutazama mpira. Kwa nini mgeni wa Paje au Nungwi asifanye hivyo?

Na mfano mkubwa kuliko yote ni Shelisheli. Ni visiwa kama sisi, vyenye watu laki moja na ushei tu. Zanzibar kwa hesabu ya watu ya 2022 ina watu 1,889,773. Lakini Shelisheli ndiyo iliyopokea mashindano ya Afrika 2015, na ndiyo iliyopokea Kombe la Dunia la mpira wa ufukweni Mei 2025, mara ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Udogo wa kisiwa si udhuru tena. Aliyekuwa akiutumia udhuru huo aurejeshe kabatini.

Wala mtu asiseme Zanzibar haiwezi kupokea wageni wa mpira. Mei 2024 fainali za Afrika za mpira wa skuli zilichezwa Amaan. Mei 2025 Simba ilicheza na Berkane ya Moroko hapo hapo, mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho. Agosti 2025 Amaan ikapokea michezo ya CHAN. Uwanja ule umegharimu saruji, chuma na fedha nyingi. Kiwanja cha mchanga hakitaki hata sehemu ndogo ya gharama hiyo. Kinataka ardhi isiyohamishwa, milingoti minne, nyavu mbili, na watu wa kukilinda.

Wako watakaotukumbusha ya 2017, kwamba Zanzibar iliingizwa katika Shirikisho la Mpira la Afrika mwezi wa Machi kule Addis Ababa, ikatolewa Julai mwaka ule ule kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Watasema: tutapigania nini na bendera yetu haimo? Uchungu ule tunaujua, tuliuonja pamoja. Lakini tukumbuke pia kwamba Disemba ile ile vijana wetu walifika fainali ya CECAFA kule Machakos, na Kenya haikuwaweza ila kwa penalti. Hawakukaa nyumbani kulia. Jezi ya Tanzania ni yetu pia, na mchanga wa kuandalia wachezaji wa jezi hiyo uko Unguja na Pemba zaidi kuliko popote. Kijana wa Jambiani akiwa hodari hapana atakayeweza kumwacha nje. Lakini uhodari hauji kwa hotuba, huja kwa kiwanja.

Sasa turudi Jozani, maana hatukuitaja kwa pambo. Msitu ule, pamoja na ghuba ya Chwaka, ulifanywa hifadhi ya taifa 2004, na una eneo la kilomita za mraba zipatazo 50. Ndani yake anaishi kima punju, mnyama asiyepatikana kwa asili yake popote duniani isipokuwa Unguja. Mipaka yake imepimwa na imeandikwa. Hakuna anayeweza kwenda na panga akakata mti kwa sababu mgeni wake anataka kivuli. Vijiji vinavyouzunguka vilishirikishwa, na sehemu ya fedha za viingilio hurudi vijijini. Hatusemi kila mtu ameridhika. Wakulima wanalalamika kwamba kima wanawalia mazao, na malalamiko yao ni ya haki na yasikilizwe. Lakini jambo moja limethibitika: ardhi ikiandikwa kuwa ni ya wote, na jirani zake wakapata fungu lao, inabaki.

Basi kijana yule aliyetuuliza suali chini ya mwembe anaishi ukingoni mwa msitu huo. Kila siku huwaona kima wakirukaruka salama katika nchi yao, kisha yeye hufukuzwa mchangani katika nchi yake. Hatumwonei kima wivu, Mungu amzidishie. Tunauliza tu: iwapo tumeweza kumwekea mnyama kilomita 50 za mraba, na tukafanya vizuri, tunashindwaje kumwekea mtoto wa mwanadamu mita 37 kwa mita 28?

Wenye hoteli wasituelewe vibaya. Hatumfukuzi mtu. Hoteli zimewapa kazi ndugu zetu, na mgeni kwetu ni mtu wa heshima tangu zama za mababu. Lakini mgeni aliyekaribishwa barazani hafungi mlango wa uani. Kanuni za kujenga pwani zipo. Zifuatwe na wote, mkubwa na mdogo. Na wale wanaochota mchanga kwa magari usiku, wajue kwamba mchanga umekuwa adimu Unguja hata serikali ikalazimika kuuwekea vizuizi. Anayeiba mchanga wa pwani anaiba kiwanja, anaiba dago la mvuvi, na anaialika bahari ije nyumbani.

Na nyinyi vijana, msidhani tumekuja kuwabembeleza tu. Pwani si yenu peke yenu. Kuna mama zetu wanaolima mwani na kuuanika pale pale. Msipite juu ya kazi yao na mpira wenu. Kuna wavuvi wenye nyavu na ngalawa. Wakati wa sala mpira usimame. Okoteni chupa na vigae kabla ya kucheza, maana mchezo huu ni wa peku na jeraha la mmoja ni hasara ya timu. Na dada zenu nao wana miguu. Wapewe zamu yao kiwanjani kwa heshima.

Neno la mwisho twajisemea wenyewe, watu wa chama. Tunajua sana kuwaita vijana siku za kura. Tunawapa fulana, tunawapandisha magari, wanatuimbia mpaka sauti zinakauka. Kura zikisha hesabiwa tunawaacha wakirudi kwenye mchanga ambao si wao. Mambo hayo hayatufai. Chama kinachokumbuka vijana mara moja kila miaka mitano kisishangae vijana nao wakikisahau.

Kwa hiyo hatutaki kumaliza kwa makofi, tunataka kumaliza kwa kazi. Kila tawi la pwani, kutoka Nungwi mpaka Makunduchi, likatafute kamba ya mita 37. Liende na sheha, wavuvi, wakulima wa mwani na vijana, na aalikwe na mwenye hoteli jirani asije akasema hakujua. Ipimwe sehemu moja juu ya alama ya bamvua, pamoja na nafasi ya watazamaji. Yaandikwe majina ya waliohudhuria. Barua ipelekwe kwa wenye mamlaka ya ardhi na kwa viongozi wa mpira, na nakala iletwe kwetu. Kila barua itakayotufikia tutaitaja katika ukurasa huu, na kila tawi lisiloleta tutalitaja pia, hata likiwa letu wenyewe.

Zikipatikana barua hizo, viwanja vikaandikwa, ndipo tutakuwa na uso wa kwenda kwa wakuu wa mpira wa Afrika tukasema: leteni kombe lenu, mchanga uko tayari. Na siku hiyo kijana wa Jozani atapanda daladala asubuhi mpaka pwani, na hapana mlinzi atakayemwambia ahame.