Mto Msimbazi na safari ya mtoto wako kwenda shule

Mzazi unayeishi Kigogo, Mchikichini au Hananasif, masika yakianza unajua kinachofuata. Mto Msimbazi unafurika, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, na watoto wanavuka maji yanayowafika magotini ili wawahi shule.

Maji yale yamebeba kinyesi cha vyoo vilivyofurika na mkojo wa panya. Mtoto mwenye mchubuko mguuni anaweza kupata homa ya mgunda, ugonjwa ulioua watu watatu mkoani Lindi mwaka 2022. Akiyameza, kuna kipindupindu na homa ya matumbo. Kwa hiyo mtoto akipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya mafuriko, mweleze daktari kuwa alikanyaga maji hayo. Wazazi wengi hawasemi, na homa zetu zote tunazidhania malaria.

Sasa bonde la Msimbazi linaendelezwa kwa mradi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na wadau wengine, likiwamo daraja jipya la Jangwani. Ni jambo jema. Lakini kwa maoni yangu, daraja la magari peke yake halitoshi. Tunahitaji njia ya miguu na baiskeli kando ya mto, yenye vivuko vyake. Kila siku kliniki zinawaambia wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu watembee angalau dakika 150 kwa wiki. Watembee wapi, katikati ya bodaboda?

Kivuko nacho kina namna yake. Kikiwa na ngazi tupu, mjamzito, mgonjwa wa goti na mwenye kiti cha magurudumu watapita chini hukohuko. Kinahitaji mwinuko wa taratibu: kwa kila mita moja ya kupanda, njia isipungue urefu wa mita 12, na hata 20 ni bora zaidi, pamoja na sehemu tambarare za kupumzikia. Upana usipungue mita tatu, baiskeli zipishane bila kumsukuma mtembea kwa miguu. Kingo ziwe za nondo zilizosimama, zisizopitisha kichwa cha mtoto. Nondo za kulala watoto huzipanda kama ngazi. Taa pia, maana mwanao wa sekondari anarudi magharibi.

Mambo haya ni rahisi yakiwa kwenye mchoro, na ni ghali zege likishamwagwa. Kwenye mkutano wa mtaa, uliza sakafu ya kivuko itakuwa juu kiasi gani kuliko mafuriko makubwa mnayoyakumbuka.

Kwa sasa, mvua ikinyesha, mpitishe mtoto njia ya mbali. Ikishindikana, funika vidonda vyake kwa plasta isiyopitisha maji, mvalishe buti, na akifika nyumbani aoge kwa sabuni kabla ya kushika chakula.