Majivuno Hayafungi Mabao

Mwaka 1993 klabu ya Simba ilirejea Dar es Salaam kutoka Abidjan ikiwa imetoka sare ya bila kufungana na Stella ya Ivory Coast, katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la CAF. Kwa wapenzi wengi wa Kariakoo, kombe lilikuwa limekwisha tua Mtaa wa Msimbazi. Wachezaji waliahidiwa magari. Kilichosalia, walidhani, ni kukamilisha ratiba tu. Stella wakaja Uwanja wa Taifa, wakashinda mabao mawili kwa bila, wakaondoka na kombe huku wenyeji wakiwatazama.

Tangu siku hiyo zimetolewa sababu za kila aina: bahati mbaya, hujuma, hata ushirikina. Hayo ndiyo makimbilio ya mtu asiyetaka kujikosoa. Hesabu ilikuwa wazi tangu mwanzo. Sare ile haikuwa ushindi, wala haikuipa Simba hata bao moja la akiba. Walioanza kushangilia walishangilia kazi ambayo haijafanywa.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba somo hilo halikuwa geni Msimbazi. Simba yenyewe ndiyo iliyowahi kulifundisha. Mwaka 1979, katika Kombe la Klabu Bingwa Afrika, Mufulira Wanderers ya Zambia iliifunga Simba mabao manne kwa bila hapa hapa Dar es Salaam. Nani angebisha kwamba Wazambia wamekwisha pita? Katika mchezo wa marudiano mjini Lusaka, Simba ikashinda matano kwa bila na kuwatoa wenyeji mashindanoni.

Mwaka huo huo wa 1979 Taifa Stars ilitoa somo la upande wa pili. Iliifunga Zambia bao moja tu kwa bila Dar es Salaam. Haikulewa bao hilo. Mwezi Agosti ilikwenda Ndola, ikapigana mpaka mwisho, na bao la Peter Tino likaleta sare ya moja kwa moja. Tanzania ikaingia fainali za Mataifa ya Afrika zilizofanyika Nigeria mwaka 1980. Bao moja lililolindwa kwa nidhamu lilifanya kazi ambayo mabao manne ya Mufulira yalishindwa kuifanya.

Hapa ndipo ulipo wajibu wa uongozi. Mchezaji ana dakika 90. Kiongozi ana siku zote zinazozitangulia: siku za kambi, za mazoezi, za chakula na posho, za kumchunguza mpinzani. Siku hizo akizitumia kugawa ahadi na kutabiri idadi ya mabao, amekwisha fungwa kabla filimbi haijalia. Lakini timu ikishindwa, kocha ndiye anayefukuzwa na kipa ndiye anayezomewa. Kamati iliyotangaza ushindi mapema hubaki ofisini ikitafuta mchawi. Huo ni uonevu, na wanachama hawana budi kuukataa.

Haikuwa bure Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 kuyafanya majivuno kuwa mwiko kwa kiongozi. Ugonjwa huu haukai viwanjani peke yake. Yupo kiongozi wa ushirika anayetangaza mavuno makubwa wakati mbolea haijamfikia mkulima. Yupo meneja anayealika wageni kwenye ufunguzi wa kiwanda ambacho mitambo yake haijajaribiwa. Wote hao wanashangilia sare ya Abidjan, na gharama ya shangwe zao hulipwa na mwananchi.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Kiongozi apimwe kwa maandalizi yake, si kwa maneno yake. Na siku ya kushindwa, yeye awe wa kwanza kuulizwa: kabla ya filimbi, ulifanya nini?