Moyo Ukisimama Kazini



Mwezi uliopita, asubuhi nilipokuwa nikienda kazini, niliona watu wamekusanyika kando ya njia ya reli hapa Ruiru. Nilipofika nilimkuta mtu mzima amelala chini, amevaa nguo za kazi, na mkoba wake wa chakula uko karibu naye. Walioongozana naye walisema alilalamika kwamba kifua kinambana, kisha akaanguka. Mikono yake ilitetemeka kidogo, na pumzi ilikuja mara moja moja kama mtu anayekoroma. Mmoja alisema ni kifafa. Mwingine akaleta maji akammwagia. Mimi nilimfungua vifungo vya shati, kisha nikasimama kama wengine. Pikapu ilipopatikana tulimbeba, na alipofikishwa kwa daktari alikuwa amekwisha kufa.

Ndugu zangu, simlaumu mtu mwingine kwa jambo hili. Najilaumu mimi na sisi sote tuliokuwa pale, maana tulikuwa na mikono na hatukujua kuitumia.

Baadaye nilimwendea mtu mmoja afanyaye kazi ya paramediki, yaani mhudumu wa gari la wagonjwa aliyefundishwa kutibu njiani, nikamwomba anieleze. Alisema kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuziba kwa mshipa unaoulisha moyo damu. Mgonjwa wa namna hii bado ana fahamu: kifua kinambana, maumivu yanakwenda mkononi au tayani, jasho jembamba linamtoka. La pili ni moyo wenyewe kuacha kazi yake, na la kwanza laweza kuleta la pili kwa dakika chache. Moyo huendeshwa na umeme mdogo unaoanzia mahali pamoja juu na kushuka kwa utaratibu, kama vile treni zinavyopewa njia na mtu mmoja. Utaratibu huo ukivurugika, kila upande wa moyo hufuata amri yake, na moyo hutetemeka tu badala ya kupiga. Damu haiendi tena kichwani.

Paramediki humbandika mgonjwa waya kifuani na kutazama mstari katika mashine. Kazi hiyo ni kama ya dereva wa treni anayesoma ishara za njiani: lazima asome sawasawa kabla ya kutenda. Akiona mstari unatetemeka ovyo, huushtua moyo kwa umeme ili fujo ikome na mapigo yaanze upya. Akiona mstari umelala kabisa, umeme haufai kitu. Huendelea kukandamiza kifua na kutia dawa ya adrenalini mshipani. Na yule ambaye mshipa umeziba lakini moyo ungali unapiga, humpa aspirini atafune, kama haimdhuru, humchora mapigo ya moyo, na kupeleka habari hospitali ili madaktari wamngoje.

Wengine watasema kazi hiyo ni ya wenye shahada, si ya watu wa shule ya msingi kama sisi. Sivyo. Mwaka 1967, katika mji wa Pittsburgh huko Marekani, watu weusi wa mtaa wa maskini, wengi wao hawana kazi, walianza kufundishwa chini ya Daktari Peter Safar. Kikosi chao kiliitwa Freedom House, nao wakawa miongoni mwa maparamediki wa kwanza wa nchi ile. Kikosi kilivunjwa mwaka 1975, lakini mafundisho yaliyoandikwa na Daktari Nancy Caroline, aliyekuwa mkuu wao wa udaktari, yakatumiwa nchi nzima.

Tena elimu hii imetokana na vifo vya wafanya kazi. Makampuni ya umeme ya Marekani yalipoona mafundi wa nyaya wanauawa na umeme, yalitoa fedha ili jambo hilo lichunguzwe. William Kouwenhoven, mhandisi wa umeme wa Johns Hopkins, alilishughulikia miaka mingi. Mwaka 1960 yeye na wenziwe wakatangaza kwamba kukandamiza kifua kwa mikono mitupu kwaweza kupeleka damu mwilini mpaka msaada ufike.

Mikono mitupu, ndugu zangu. Kila dakika inayopita bila kukandamiza wala kushtua, nafasi ya kupona hupungua kwa sehemu 7 hadi 10 katika 100. Toka Ruiru mpaka hospitali kubwa ya Thika ni kama kilometa 20, na mwaijua njia hiyo saa za jioni. Kwa hiyo paramediki hata awe hodari namna gani, wa kwanza ni mwenzako aliye karibu nawe.

Mtu akianguka, akiitwa haitikii, wala hapumui sawasawa, usimngoje daktari. Kule kukoroma si kupumua. Mmoja apige simu kwa Msalaba Mwekundu, nambari 1199, au 999. Wewe weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, na mkono wa pili juu yake. Kandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Pokezaneni kila dakika 2, wala msiache mpaka wenye kazi wafike.

Sasa neno la haki. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 yahesabu ndani yake matibabu ya kabla ya kufika hospitali. Sheria ya usalama kazini ya 2007 yamwagiza mwajiri aweke sanduku la huduma ya kwanza mahali rahisi kufikiwa. Nasi tangu Oktoba 2024 twakatwa sehemu 2.75 katika 100 za mshahara kwa bima mpya ya afya, na sheria iliyoileta, ya mwaka 2023, iliunda pia mfuko wa dharura. Basi hatuombi sadaka.

Twataka matawi ya Thika na Ruiru yafanye mambo matatu. Kwanza, kila zamu ijulikane nani amefundishwa huduma ya kwanza; kama hakuna, achaguliwe mtu. Pili, wajumbe wetu wadai katika mapatano na waajiri mafunzo katika saa zenye malipo, na mashine ya kushtua moyo, ile inayosoma mapigo yenyewe na kumwambia mtu la kufanya. Tatu, tuiulize serikali ya kaunti magari ya wagonjwa yenye maparamediki yako wapi na ni mangapi.

Jambo hili litakuwa la kwanza katika mkutano ujao wa tawi. Njoni nyote, na kila mmoja aje na mwenzake wa zamu. Mimi nitakuwa wa kwanza kujiandikisha kwa mafunzo, maana sitaki kusimama tena namna ile.

Umoja ni nguvu.